Filme inayojibu filme: «High Noon» na «Rio Bravo»

Mtu akiangalia filme za makauboi husema upesi: «Zote ni moja: kofia, farasi, bastola.» Ana haki kwa upande mmoja. Lakini kuna filme isiyoiga tu ile iliyoitangulia, inabishana nayo. Tuangalie mbili.

«High Noon» ya Fred Zinnemann ilitoka mwaka 1952. Will Kane, mkubwa wa polisi wa mji mdogo, anapata habari kwamba adui yake Frank Miller atafika kwa treni ya saa sita mchana; wenzake watatu wanamngojea. Kane anaomba msaada kila mahali. Anaingia hata kanisani, siku ya Mungu. Watu wanashauriana, mmoja anamsifu sana, kisha anamwambia aondoke mjini. Kane anabaki. Akiisha kushinda, anatupa nyota yake ya kazi mavumbini.

Howard Hawks hakupendezwa. Kwake haikufaa mkubwa wa polisi azunguke akiomba raia wamwokoe. Mwaka 1959 alijibu kwa «Rio Bravo». Humo John Wayne ni Chance, mkubwa wa polisi anayekataa msaada wa watu wasiozoea kazi hiyo. Lakini mlevi, mzee kilema na kijana mmoja wanasimama naye. Asiyeijua filme ya kwanza anaona mchezo tu, hasikii ubishi.

Katika ubishi huo Hawks anapata, tena anapoteza. Anapata, sababu anaonyesha msaada unaotoka kwa wanaodharauliwa. Anapoteza, sababu mji usioombwa hauna la kujibu. Swali lile la kanisani limefutwa.

Tena kuna neno moja ambalo Hawks hakulibishia hata kidogo: bunduki. Amy, mke wa Kane, wa dini ya Quaker, anachukia kuua. Hata hivyo mwishoni anapiga risasi. «Rio Bravo» nayo inamaliza shauri kwa risasi na dinamiti. Huo ndio urithi unaopita bila kuulizwa. Nao unatoka nje ya sinema: vijana wa Kinshasa wa miaka ya 1950, waliojiita «Bills» kwa jina la Buffalo Bill, walichukua katika filme mavazi, majina na ubabe.

Kwetu Uvira, risasi si mchezo wa sinema. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka na Fizi, waliuawa Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè, Ndugu Vittorio Faccin na Abé Albert Joubert. Walikuwa wamebaki na watu wao, bila silaha. Mwaka 2024 walitangazwa wenyeheri hapa Uvira. Kumbe hadithi ya mtu anayebaki inaweza kuwa na mwisho mwingine.

Basi, katekista anayeonyesha vijana filme awaulize mambo mawili: Hii imesahihisha nini katika ile ya mbele? Na imepokea nini bila kuuliza?