Mahali pa Maikrowevu

Mchoro wa jiko jipya la Mama ulinifikia kwa WhatsApp saa tatu usiku, nikiwa hosteli, nimekwama kwenye sura ya pili ya tasnifu yangu. Makabati meupe, kaunta ya granaiti, taa za kufichwa. Juu ya jiko la gesi fundi alikuwa amechora maikrowevu, imebanwa katikati ya makabati mawili. Chini ya picha Mama aliandika: “Wewe si unasomea uhakiki? Haya, hakiki.”

Nilicheka, kisha nikaacha. Makabati hayo yanalipiwa na kiinua mgongo chake, malipo ya miaka 33 ya kushika chaki. Likikosewa hili, hakuna jiko la pili. Nikaufungua tena ule mchoro, nikausoma kama ninavyosoma hadithi yoyote: nani yumo, nani ameachwa nje, na aliyeitunga alikuwa akimfikiria nani.

Mpishi alikuwemo mchoroni, ila hakuwa Mama. Nilimwomba Mama asimame ukutani, Baba ampime kwa futi ya fundi: urefu sentimita 152, bega sentimita 124. Mchoroni, sehemu ya chini ya maikrowevu ilikuwa sentimita 145 kutoka sakafuni. NKBA, chama cha wabunifu wa majiko na mabafu cha Marekani, hushauri sehemu hiyo iwe kama sentimita 8 chini ya bega la mtumiaji mkuu, na kwa vyovyote isizidi sentimita 137. Tena pawepo mahali pa kutua chombo cha moto hapo hapo karibu, angalau upana wa sentimita 38. Kwa bega la Mama, hesabu inatoa sentimita 116. Sasa mwone ananyanyua mikono kupita macho yake, anashusha bakuli la mchuzi uliochemka, na chini ya kifua chake sufuria ya maharage inafuka. Aliyechorewa jiko hili ni mtu mrefu, wa nyumba nyingine.

Fundi simlaumu sana. Picha aliitoa mtandaoni, kwenye majiko ya Marekani ambako maikrowevu ya juu ya jiko ni jambo la kawaida. Lakini zile hutengenezwa maalumu kwa nafasi hiyo: zina feni ya kuvuta moshi na mvuke unaopanda kutoka chini, na taa ya kumulika sufuria. Yetu ni ya kawaida, ya kuwekwa mezani. Inahitaji hewa nyuma, pembeni na juu, na kitabu chake cha maelekezo kinakataza kuifungia ndani ya kabati. Fundi aliazima umbo, kazi ya lile umbo akaiacha huko huko. Sisi wanafunzi wa fasihi tunalijua kosa hilo, tumelisoma katika riwaya nyingi na tumelifanya katika insha zetu.

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya kifaa hiki kisumbue wachoraji. Sinki hufuata bomba. Jiko la kuni lilifuata bomba la moshi. Maikrowevu haifuati chochote isipokuwa soketi, na ilikuja wakati nafasi zote zimeshagawanywa. Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon, aligundua mwaka 1945 kwamba mawimbi ya mitambo ya rada yanaweza kupika chakula. Mashine ya kwanza kuuzwa, mwaka 1947, ilikuwa ndefu kama mtu mzima na uzito wake ulizidi kilo 300. Ya kuwekwa kwenye kaunta ya nyumbani ilipata soko kuanzia mwaka 1967. Kufikia hapo jiko la kisasa lilikuwa na umri wa takriban miaka 40.

Umri huo nauhesabu kutoka Frankfurt, mwaka 1926, Margarete Schütte-Lihotzky alipobuni jiko dogo la mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu mkononi, hatua za mpishi zimehesabiwa. Yalijengwa kama 10,000. Lilikuwa jambo jema: alitaka mwanamke mfanyakazi amalize kazi za nyumbani mapema apate kupumzika. Mkuu wake wa kazi, Ernst May, miaka michache baadaye alihamia huku kwetu, akalima Tanganyika, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi na kupanga upanuzi wa Kampala. Wahakiki waliokuja baadaye waliona dosari moja katika lile jiko la Frankfurt. Lilimtosha mtu mmoja tu. Kwa kuwa mtu wa pili hakuenea, hakuna aliyelazimika kujiuliza mtu huyo wa pili yuko wapi.

Swali hilo ndilo lililonirudisha nyumbani kwetu Moshi, kwenye maikrowevu ya zamani.

Ilinunuliwa nikiwa kidato cha pili. Jikoni palikuwa na soketi moja, na friji ilikuwa imeshaimiliki. Basi maikrowevu ikawekwa chumba cha kulia, juu ya kabati la vyombo, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama walivyofunikwa ndugu zake, redio na televisheni. Mimi kitambaa kile kilinitia aibu. Kwa marafiki zangu maikrowevu zilikaa jikoni, au hivyo ndivyo walivyosema.

Kabla ya hapo, usiku wa nyumba yetu ulikuwa na ratiba. Baba alikuwa na zamu ya jioni kiwandani, akifika saa sita. Mama alimwekea chakula kwenye hotpoti, lakini wali wa saa mbili ukifika saa sita huwa umeshalowa kwa mvuke wake wenyewe. Kwa hiyo geti likilia, Mama aliamka. Nilikuwa nasikia kandambili zake koridoni, kiberiti, sufuria ndogo. Saa kumi na moja alfajiri aliamka tena, kwa ajili yetu na kwa ajili ya shule yake.

Maikrowevu ilipowekwa pale chumba cha kulia, kandambili zilinyamaza. Hakuna kikao kilichokaa. Baba aliingia, akaona sahani yake imefunikwa, akaiweka ndani, akabonyeza. Jikoni hakuingia. Kwa mwanamume wa umri wake na malezi yake, hilo lilikuwa na maana: chumba cha kulia ni mahali pa kula, na kubonyeza kitufe mahali pa kula hakuhesabiki kuwa ni kupika.

Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria wa Marekani, aliandika mwaka 1983 kitabu kiitwacho More Work for Mother. Hoja yake ni kwamba vifaa vya nyumbani mara nyingi viliondoa kazi za baba na watoto, kama kupasua kuni, huku za mama zikibaki au kuongezeka. Kwa sehemu kubwa namwamini; mashine ya kufulia ya shangazi yangu ni ushahidi tosha. Lakini kwetu kifaa kimoja kilikwenda kinyume, na naamini sababu ni pale kilipowekwa. Kingekaa jikoni, kando ya friji, Baba angesimama mlangoni na kuita.

Hapo ndipo nilipoumana na Mama, kwa simu, dakika 40 za muda wa maongezi. Kwanza nilimwambia maikrowevu ishushwe, ikae kwenye kaunta jikoni. Akauliza, “Na Baba yako?” Nikamjibu kwamba Baba anaweza kuingia jikoni, ana miguu, na kwamba kuendelea kumwekea kifaa nje ya jiko ni kuulinda mpaka ule ule tunaoupinga darasani. Nilisema mengi. Nadhani nilitumia neno “mfumo” mara tatu.

Mama alisubiri nimalize. “Mwanangu,” akasema, “hayo yote ni kweli. Lakini mimi nataka kulala.”

Nimekaa na sentensi hiyo wiki tatu. Bado naamini kwamba nyumba inayomsaidia mwanamume akwepe jiko ina kasoro. Ila nilikuwa tayari kumkosoa Baba kwa kutumia usingizi wa Mama, bila kumuuliza Mama kama unatolewa. Mchoro wa fundi ulimsahau Mama mwenye sentimita 152. Uhakiki wangu ulimkumbuka kwa kimo, ukamsahau saa sita usiku.

Tulichokubaliana ni hiki. Maikrowevu inabaki chumba cha kulia, kwenye ukuta unaopakana na jiko, hatua mbili kutoka mlangoni. Kabati lina urefu wa sentimita 90, chini kabisa ya zile 116, na pembeni pana nafasi ya kutua sahani. Fundi umeme ataiwekea soketi yake yenyewe ukutani, bila ekstensheni, maana maikrowevu iliyoandikwa wati 700 huvuta zaidi ya hizo, aghalabu wati 1,000 na kuendelea. Juu ya jiko la gesi fundi anaweka feni ya kutoa moshi, kitu ambacho Mama alikuwa akikihitaji tangu mwanzo. Na kwa ombi langu, lililopita bila ubishi, mlango wa kati ya jiko na chumba cha kulia unaondolewa, panabaki uwazi. Anayepasha chakula ataliona sinki.

Jumapili Mama alinitumia picha. Kitambaa kilikuwa kimerudi juu ya maikrowevu, kimefuliwa na kupigwa pasi, kimeziba matundu yote ya hewa. Nikamwandikia kwamba itaunguza. Baada ya dakika kumi ikaja picha nyingine: kitambaa kimekunjwa mara mbili, kimetandikwa pembeni, na juu yake sahani ya Baba, imefunikwa.