Juu ya Istilahi "Upasuaji Mdogo" katika Tiba ya Moyo

Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mjini Dar es Salaam mwaka 2015, magazeti yetu yamezoea istilahi mbili: upasuaji mkubwa, yaani wa kufungua kifua, na upasuaji mdogo, yaani wa kupitisha mrija mwembamba katika ateri ya mkono au ya paja hadi moyoni. Mgawanyo huu wapendeza kwa wepesi wake. Lakini twaonelea kwamba istilahi ya pili ina kasoro isiyofaa kunyamaziwa.

Neno "mdogo" hapa lapima jeraha la ngozi tu. Halipimi hatari. Tangu Andreas Grüntzig alipopanua ateri ya moyo kwa puto mjini Zürich mwaka 1977, kazi hii imekua hata kufikia ateri zilizoganda chokaa, ambazo hupekechwa kwa keekee yenye chembe za almasi, tena pengine katika moyo uliokwisha dhoofika. Bingwa wa moyo aliyekwisha jifunza kuzibua ateri, huko Marekani huweza kuongeza tena kama mwaka mzima chini ya mkufunzi kwa ajili ya kazi hiyo. Je, jambo hilo liitwe dogo?

Tumfikirie mzee wa Bunda au Butiama, aliyesafiri zaidi ya kilomita 1,000, amewekewa karatasi ya ridhaa. Pengine Kiswahili ni lugha yake ya pili, baada ya Kiikizu au Kizanaki. Akisoma "mdogo" atatia sahihi kwa jambo asilolijua. Mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alipofasiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969), alituletea kesi nzima inayoamuliwa na neno la mkataba juu ya nyama ya karibu na moyo.

Na "mshipa" je? Ni wa damu, ni wa fahamu, na hata wa ngiri. "Ateri" limo katika vitabu vya shule; mkalimani wa Musoma asiogope kulitumia na kulieleza.

Sisi twapendekeza "uzibuaji wa ateri za moyo kwa mrija", na inapostahili, "uzibuaji wenye hatari kubwa". Ni refu, twakubali. Kuhusu "bingwa mbobezi" hatuna ugomvi, ingawa masikio ya baadhi yetu bado yamsikia mlevi aliyebobea. Ila mafunzo yake yasiitwe "ufadhili": ufadhili ni fedha za kumtunza mwanafunzi, na alichokwenda kufuata ni ujuzi.