Kodi ya Nyumba Haiulizi Umeandika kwa Lugha Gani

Kiswahili sanifu kinasema msimbo, vijana wanasema kodi, na hapa Njiru kodi ni ya nyumba kwanza. Naanzia hapo kwa sababu ule ubishi wa lugha gani ya programu ni ya kisasa na gani imekufa huendeshwa kana kwamba sote bado tunalipiwa nyumba na wazazi.

PHP ndiyo huchekwa zaidi. Ilitolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, na makosa yake si ya kusingiziwa. Kabla ya toleo la 8, lililotoka 2020, ukiiuliza kwa alama mbili za usawa kama 0 ni sawa na neno "Njiru", inakujibu ndiyo. Hiyo ni aibu bana. Lakini jukwaa la Ushahidi, lililozaliwa Januari 2008 nchi ikiungua baada ya uchaguzi, lilifika Haiti kwenye tetemeko la 2010 likiwa la PHP. Seva za bei ya chini karibu zote ziliielewa.

Angalia kabambe pia. Mama mboga wa Kangundo Road akibonyeza nyota na reli, skrini yake inapokea herufi 182 tu. Simu haijui kama aliyejibu kule kwa seva ni PHP, Python au Go. Inajua kama jibu limefika kabla laini ikatike.

Sasa wale wa "ya kale dhahabu" wasishangilie mapema. Mosoriot, karibu na Eldoret, mwaka 2001 rekodi za wagonjwa ziliwekwa kwa Microsoft Access. Kwa kituo kimoja cha afya ilitosha. Kazi ya kutibu wagonjwa wa Ukimwi ilipopanuka ikazidiwa, na kuanzia 2004 ikajengwa OpenMRS kwa Java, ikaanza kazi Eldoret 2006. Walihama kwa sababu mzigo uliwalemea, si kwa sababu mtu aliona video.

Rust nayo ina sababu yake. C, ya 1972, inakuachia kumbukumbu ya kompyuta uisimamie mwenyewe, na mwaka 2019 Microsoft ilisema karibu asilimia 70 ya mianya ya usalama inayoziba kila mwaka hutokana na makosa ya hapo. Shida ya kweli hiyo. Lakini anayejengea duka la hardware tovuti hana shida hiyo, maana PHP hujisimamia kumbukumbu. Halafu Rust kwa laptop kuukuu ya GB 4? Utachemsha chai, unywe, uoshe kikombe.

Kinachoniudhi ni matangazo ya kozi. Kijana anachangiwa karo na familia nzima, anafunzwa lugha ya mwaka huu, na hakuna anayemwambia kwamba kibarua cha kwanza mara nyingi ni kurekebisha kazi ya mtu aliyeshahama. Mimi humuuliza hivi: mteja akipiga saa nne usiku na wewe uko Mombasa, nani mwingine mtaani anaweza kuifungua hiyo programu? Kwa PHP nitapata watu watatu kabla nifike stage. Kwa Rust bado natafuta.