Sifa za Fundi wa Gia

Ukitaka kujua thamani ya gia ya pili, panda kutoka Salama kwenda Nunguni ukiwa na gunia la maparachichi nyuma ya pikipiki. Barabara ya Kilungu inapanda, inajikunja, inapanda tena katikati ya mashamba ya matuta yaliyochongwa ubavuni mwa mlima. Kwenye kona, pale injini inapohitaji nguvu zaidi, ndipo gia iliyochoka inaporuka. Unasikia "tak!", injini inapiga mayowe, na mwendeshaji anawahi breki kabla mzigo haujamrudisha kinyumenyume. Kule chini Kibwezi, kwenye tambarare, gia hiyohiyo ingevumiliwa kwa miezi. Hapa haivumiliki, na nadhani ndiyo sababu milima hii imelea mafundi wenye masikio.

Pikipiki zilijaa Kenya baada ya 2008, serikali ilipoziondolea kodi zile zisizozidi cc 250. Mafundi wakaongezeka nazo, kila soko na mti wake. Wengi wao ni hodari wa kufungua. Ninayetaka kumsifu ni yule mzito wa kufungua.

Mteja humjia akiwa na hukumu tayari: "Fundi, giaboksi imekufa." Fundi hajibu. Anashika klachi, anaiachilia, anaishika tena, akipima mkono unasafiri kiasi gani kabla waya haujaanza kuvuta. Waya ukilegea, sahani za klachi haziachani vizuri: injini inaendelea kusukuma gia hata mkono ukiwa umeminya, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na nyutro haipatikani ukisimama stejini. Waya ukikazwa mno, sahani hazishikani sawasawa, na mlimani injini inanguruma huku pikipiki ikitambaa. Yote mawili hutengenezwa kwa nati ileile ya kwenye waya, ikizungushwa huku au kule.

Kisha anainama kwenye pedali. Imeshikana na shafti kwa vijino vidogo, na vijino hivyo vikilika, mguu unakanyaga, pedali inashuka, shafti haina habari. Anavuta mnyororo kwa kidole, maana mnyororo uliokazwa kupita kiasi huilemea shafti ya gia na beringi zake. Halafu anauliza habari za oili, na hapa mteja huanza kutazama kando. Katika pikipiki hizi oili moja ndiyo inayohudumia injini, gia na klachi kwa pamoja. Oili ya gari iliyotiwa dawa ya kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze. Mara nyingi ugonjwa hupatikana kabla hajafika hapo. (Na kuna wanaoleta pikipiki nzima. Wameizima, wamekanyaga gia, imekataa, wakaogopa. Gia zikiwa zimetulia, vinundu vya ubavuni mwake hukutana kichwa kwa kichwa. Isukume mbele na nyuma kidogo, itaingia.)

Ndani ya giaboksi, meno ya gia hayaachani kamwe. Yanazunguka pamoja wakati wote. Kinachobadilika ni gia ipi inayoishika shafti, na kazi hiyo hufanywa na vinundu vya chuma vilivyo ubavuni mwa gia, vinavyoingia katika nafasi za gia jirani. Magari yalipata kifaa cha kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana pale Cadillac ilipokileta mwaka 1928. Pikipiki haina. Mguu wa mwendeshaji ndio unaosawazisha, na mguu unaosita huacha vinundu vigongane kona kwa kona. Kona zikishaviringika, nguvu ya injini yenyewe huvisukuma viachane. Ndiyo ile "tak!" ya kwenye mlima.

Fundi wa boti wa Lamu angeuelewa mkasa huu bila kuelezwa. Mashine za kwanza za kufungwa nyuma ya boti ambazo Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei, alianza kuuza Marekani mwaka 1909 hazikuwa na gia ya kubadilisha. Zilizokuja baadaye zina ya mbele, ya nyuma na nyutro. Ndani ya mguu wa mashine ulio majini, gia mbili huzunguka zikipingana, na kati yake kuna kipande chenye vinundu kinachosogezwa kushika hii au ile. Nahodha mwenye huruma, anayesogeza mkono wa gia polepole, ndiye anayekiua. Gia hutiwa injini ikiwa na mwendo mdogo, kwa pigo moja lililokamilika.

Kwenye boti pia lawama huiangukia gia bure. Injini inanguruma, boti haiendi, kila mtu anasema gia imeisha, kumbe mpira ulio kitovuni mwa rafadha umeachia na unateleza. Fundi mzee huchora mstari wa rangi kutoka kitovu hadi kwenye mwili wa rafadha, anaipeleka boti kwa nguvu, kisha anautazama. Mstari ukikatika pande mbili, amepata jibu kabla hata tone la oili ya gia halijamwagika.

Taabu ya ufundi huu ni malipo. Anayepasua injini akatandaza vyuma juu ya gunia hulipwa bila ubishi, kwa sababu kazi imeonekana. Aliyezungusha nati nusu mzunguko huambiwa, "Si umegusa tu?" Mimi namuunga mkono anayedai hela yake yote.

Siku ya kufungua nayo hufika. Vinundu vilivyoviringika havirudi, kwa hiyo gia hubadilishwa pamoja na mwenzake, na uma unaozisogeza hukaguliwa, kwa sababu uma uliopinda utaila gia mpya vilevile. Pikipiki ikishafungwa, fundi haijaribu pale sokoni penye usawa. Anaielekeza mlimani, na kabla hajaondoka anamwita mwanamume mnene kuliko wote stejini aje akae nyuma.