Waya Unaopumua

Fundi rewaya husifiwa kwa mkono wake wa kulehemu, na ni haki yake, maana kiungo kilichoshika lehemu sawasawa hakilegei ovyo. Mpe lakini sensa ya oksijeni ya kuunga, ile inayouzwa bila soketi, nyaya zake nne zikining'inia, na umahiri wake utauona anapoiweka lehemu kando. Sensa hii hukaa kwenye bomba la eksozi ikilinganisha oksijeni iliyobaki kwenye moshi na ile ya hewa ya nje. Tofauti hiyo huzaa umeme mdogo, takribani volti 0.1 petroli ikipungua kwenye mchanganyiko na 0.9 ikizidi, na kompyuta ya injini hupunguza au kuongeza mafuta kwa kuufuata. Sasa, katika sensa nyingi hewa hiyo ya nje huingia kwa kupenya katikati ya nyuzi za waya wenyewe. Lehemu ikiyeyuka, nyuzi huinywa na njia ikaziba. Kiungo kinang'aa, sensa inadanganya.

Kwa hiyo fundi hubana. Kabla ya kubana huamua waya upi ni upi, na hapo rangi ni mtego. Katika sensa za Denso za nyaya nne, zilizozoeleka kwenye Toyota, nyaya mbili nyeusi ni za hita, wa buluu ni wa ishara, mweupe ni wa ethi. Za Bosch zina hita kwenye nyeupe mbili, ishara kwenye mweusi, ethi kwenye kijivu. Anayeunga mweusi kwa mweusi anaweza kuitia ishara volti 12 za betri. Mita humaliza ubishi: sensa ikiwa baridi, jozi ya hita husoma ohmu chache, nyingine hazisomi kitu.

Wapo watakaosema nunua yenye soketi yake, uchomeke, yaishe. Sibishi, mwenye uwezo na afanye hivyo, ingawa ya kuunga kwa kawaida ni nafuu. Hoja nzito zaidi ni kwamba kiungo cha kubana huchomoka. Huchomoka kweli kikitafunwa kwa plaizi na kuviringishwa tepu, ambayo gundi yake hailiwezi joto la eksozi. Kikibanwa kwa koleo lake, kwa kishikizo kinachouenea waya, kikavishwa mpira wa kusinyaa na kufungwa mbali na bomba, hushika. Fundi huvuta kila waya kwa mkono kabla ya kuuvika mpira. Unaochomoka hukatwa na kuanzwa upya.