Peter Brook kati ya London na Paris: jukwaa tupu na suala la lugha

Peter Brook, mwongozaji wa michezo ya kuigiza, alizaliwa London mwaka 1925 na kufariki Paris mwaka 2022. Wahakiki wengi husifu uhuru alioupata kwa kuhama kutoka Uingereza hadi Ufaransa. Inafaa pia kupima gharama ya uhuru huo kwa upande wa lugha.

Nchini Uingereza sifa yake ilijengwa juu ya neno la Shakespeare. Katika A Midsummer Night's Dream, aliyoiongoza Stratford mwaka 1970, jukwaa lilizungukwa na kuta nyeupe. Msitu haukuchorwa, ulijengwa hasa na maneno, masikioni mwa watazamaji waliokielewa Kiingereza.

Mwaka uo huo alianzisha Paris kituo cha utafiti wa maigizo, akakusanya waigizaji wa mataifa mbalimbali wasio na lugha moja ya kuzaliwa. Mwaka 1972 na 1973 walisafiri Afrika, kutoka Algeria hadi Nijeria na Mali, wakitandika zulia vijijini na kuigiza juu yake. Hapo ishara, sauti na mwendo vilichukua nafasi ya neno. Mwaka 1974 walipata makao katika ukumbi wa Bouffes du Nord, ambao kuta zake zilizochakaa ziliachwa zilivyo.

Udhaifu wa njia hiyo ulidhihirika katika Les Iks (1975), mchezo uliotokana na kitabu cha Colin Turnbull, yule yule aliyeandika kwa mapenzi juu ya Wambuti wa msitu wa Ituri. Waik wa kaskazini-mashariki mwa Uganda aliwaeleza kuwa watu ambao njaa imewaondolea utu. Lakini mwaka 1985 mwanaisimu Bernd Heine, baada ya kufanya utafiti miongoni mwa Waik wenyewe, alionyesha kwamba Turnbull hakuijua lugha yao vya kutosha, na kwamba picha yake haikulingana na watu hao.

Si haki kumwita Brook mwongo, kwani Heine alikuwa bado hajaandika. Kasoro imo katika utaratibu. Kiingereza na Kifaransa alivimudu. Mahabharata ilichezwa kwa Kifaransa mwaka 1985, kisha kwa Kiingereza. Lugha ya tatu, ile ya Waik, ilimfikia kupitia kitabu cha mtu asiyeimudu. Tena jukwaa likiwa tupu, hakuna pambo la kumkumbusha mtazamaji kwamba anaonyeshwa maoni ya mtu mmoja; huyachukua kuwa ukweli wenyewe. Kwa hiyo anayetaka kuigiza maisha ya kabila dogo hana budi kujifunza lugha yake, au kumweka mwenye lugha karibu na waigizaji tangu siku ya kwanza ya mazoezi.