Ufundishaji wa Msamiati katika Mji wa Mpakani: Hali ya Namanga

Namanga ni mji uliogawanywa na mpaka: kaskazini ni Kajiado, Kenya, na kusini ni Longido, Tanzania. Mwanafunzi wa sekondari wa hapo, ambaye mara nyingi lugha yake ya kwanza ni Kimaasai, husikia Kiswahili cha nchi mbili kabla ya kufunzwa kile cha vitabuni. Je, mwalimu wa msamiati autumieje utajiri huo?

Njia iliyozoeleka ni ya orodha. Maneno magumu huandikwa ubaoni pamoja na maana zake, na mwanafunzi huyakariri. Njia hii ni nyepesi, lakini ina kasoro mbili. Kwanza, hulitenga neno na jamaa zake. Anayekariri "uhamiaji" amepata neno moja tu. Aliyeonyeshwa mzizi wake amepata pia hama, hamia, hamisha, uhamisho na mhamiaji. Hata hivyo, mnyambuliko nao una kikomo. "Forodha", neno lenye asili ya Kiarabu, halina kitenzi cha kulifafanulia. Halina budi kufundishwa katika muktadha wake, pamoja na ushuru, shehena na kibali.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi: orodha hutoa jibu moja, na hivyo huigeuza tofauti kuwa kosa. Vitabu vya Kenya vimezoea "shule ya upili" na "tarakilishi". Tanzania husema "shule ya sekondari" na "kompyuta". Mwanafunzi anayekosolewa kwa neno alilolisikia ng'ambo ya mpaka hafunzwi usanifu, bali hufunzwa kuyatilia shaka masikio yake.

Huenda ikadaiwa kuwa usanifishaji, uliopata kamati yake mwaka 1930, ulikusudia umbo moja kwa wote. Dai hilo lina uzito katika tahajia na sarufi. Ama katika msamiati, visawe si uasi. Ndivyo vinavyoipa lugha upana.

Yafaa basi mwalimu ayaweke maneno hayo bega kwa bega, amtake mwanafunzi aeleze lipi hutumiwa wapi na na nani, kisha ayatungie sentensi. Kwa njia hiyo mpaka, ambao orodha huufanya kikwazo, utakuwa kifaa cha kufundishia.